Kula daina ya usiku kucha Chicago: ninayomfundisha mtoto wa kaka yangu

Mtoto wa kaka yangu alifika Chicago mwezi wa kumi na moja, akapata kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, zamu ya jioni mpaka saa nane usiku. Wiki ya kwanza akanipigia simu saa tisa kasoro. "Shikamoo shangazi, samahani kama nimekuamsha. Hivi huku mtu anakula wapi saa hizi?"

Hakuniamsha. Mimi nahudumia wazee usiku, huu mwaka wa kumi na nne, na swali hilo niliwahi kuwa nalo mimi mwenyewe nilipotoka Tanga. Kwetu ukitoka kazini usiku wa manane unajua pa kwenda: wa chipsi yupo, wa mishikaki yupo, mzee wa kahawa na kashata bado ana watu wake. Huku baridi inamfungia kila mtu ndani. Panapobaki wazi ni daina. Nikampeleka. Aliyoniuliza usiku ule ndiyo naandika hapa, kwa ajili yake na kwa yeyote anayefanya kazi wenzake wakiwa wamelala.

Daina ni mkahawa wa Kimarekani wa mtindo wa zamani: kaunta ndefu yenye stuli za kuzunguka, meza za fomeka, makochi ya kutazamana yenye meza katikati, taa za neoni dirishani. Wengi wanadhani hayo yamewekwa kwa ajili ya watalii wapige picha. Ukweli ni kwamba daina imezaliwa usiku. Mwaka 1872, mji wa Providence, Rhode Island, Walter Scott alianza kuuza chakula kwenye gari la kukokotwa na farasi, analiegesha nje ya ofisi ya gazeti ili wafanyakazi wa zamu ya usiku wapate kitu tumboni hoteli zikishafunga. Magari hayo yakawekwa viti ndani, yakakua, na baadaye viwanda vya mashariki mwa nchi vikawa vinatengeneza mikahawa mizima yenye umbo la behewa na kuisafirisha ikiwa tayari imekamilika. Ndiyo maana daina za kale ni nyembamba. Walioko St. Paul, Minnesota, wanayo moja katikati ya mji, Mickey's Diner, iliyotengenezwa New Jersey mwaka 1937 ikafunguliwa 1939.

Nilimweleza kijana haya tukiwa bado kwenye gari kwa sababu alikuwa anaona haya kuingia na sare ya kazi na viatu vya kazi vyenye chuma mbele. Nikamwambia, baba, pale si kwamba utavumiliwa. Pale palianzishwa kwa ajili ya mtu aliyevaa hivyo hivyo.

Ninayoizoea mimi ni White Palace Grill, kona ya Canal na Roosevelt, kusini kidogo ya katikati ya mji. Ipo tangu 1939. Si behewa, ni jengo la kawaida. Jina lake linatukumbusha enzi zile: baada ya White Castle, mikahawa ya baga, kuanza mwaka 1921, mikahawa mingi ya vyakula vya haraka ilijiita "nyeupe" hii au ile ili mteja aamini kwamba jiko ni safi. Ukisimama nje unaona njia za treni karibu yako, na kaskazini ghorofa refu la Willis Tower linawaka taa. Kwa asiye na gari, treni ya Red Line inatembea saa ishirini na nne. Shuka Roosevelt, elekea magharibi, vuka daraja la mto. Ni kama kilomita moja. Mwezi wa kwanza upepo wa pale darajani unakata masikio, kwa hiyo usiku wa barafu mimi napanda teksi.

Kabla ya kutoka nyumbani, piga simu. Tangu 2020 daina nyingi Marekani zimepunguza saa za usiku, na nyingine bado zina bango la saa ishirini na nne huku mlango unafungwa saa nne. Usiamini bango wala saa zilizoandikwa mtandaoni. Piga, uliza kama wako wazi usiku huo wote.

Na angalia saa unayofika. Baa za Chicago hufunga saa nane usiku, Jumamosi saa tisa, na zenye leseni ya kuchelewa zinasogea mpaka saa kumi au kumi na moja. Wateja wao wote wanashuka kwenye daina kwa mkupuo mmoja, na kelele zao. Kama unataka kula kwa utulivu, nenda saa sita hadi saa saba, au subiri wimbi lipite. (Mtu mgeni akiambiwa na mhudumu kwamba "two" ndipo panajaa, akumbuke kutafsiri: hiyo ni saa nane yetu, si saa mbili.) Kuna muda mwingine wa kuuheshimu. Katikati ya saa tisa na saa kumi na moja, wateja wakipungua, mpishi anasugua bamba la kukaangia kwa jiwe jeusi lenye vitundu vidogo vidogo. Ukimkuta analisugua, agiza kahawa kwanza. Chakula kitakuja, na kitakuja kutoka kwenye chuma kisafi.

Sasa pa kukaa. Ukikuta kibao mlangoni kinachosema usubiri kuelekezwa, subiri. Kama hakipo, ingia ukae. Ukiwa peke yako kaa kaunta. Meza ya watu wanne ukiikalia peke yako saa nane usiku unamnyima mhudumu riziki, na utajihisi mpweke bila sababu. Kaunta haina mpweke. Wa kushoto dereva wa lori, wa kulia nesi, wote mnatazama mbele. Tena kaunta ndiyo darasa, kwa sababu unamwona mpishi.

Yule kijana alinyamaza kabisa akimwangalia. Mbele ya mpishi kuna bamba la chuma lenye upana wa mlango, upande mmoja rundo la viazi vilivyoparuzwa vinatoa mvuke, upande wa pili pako wazi. Anamwaga mafuta kwa upawa mdogo, anapasua yai kwa mkono wa kulia bila kulitazama, la pili kwa mkono wa kushoto. Ute unaanza kuwa mweupe pembeni, unacheza. Wakati huo anavikandamiza viazi kwa chuma kizito chenye mpini, anavigeuza, rangi ya chini imeshakuwa kama ya mandazi. Mkate umeruka kutoka kwenye tosta. Anaupaka siagi ya kuyeyuka kwa brashi pana kama ya mpaka rangi, pigo moja, anaukata kona kwa kona. Anarudi kwenye mayai, anapitisha mwiko wa bapa chini yake, anayageuza yote mawili pamoja na kiini hakipasuki. Sidhani kama dakika tatu zilipita. Kijana akanigeukia: "Shangazi, huyu hata jasho halimtoki."

Mhudumu akija, ana haraka lakini si mkali. Atakuita "hon" au "sweetie" hata kama una umri wa mama yake, na kwetu hilo linakwaruza sikio. Lichukue kama vile muuza duka Tanga anavyokuita "mpenzi". Akikuuliza hali, jibu neno moja na umuulize yake, basi. Salamu zetu za nyumba nzima na mifugo hazina nafasi pale. Ukimhitaji, usipige makofi wala usimwite kwa "pssst". Mtazame machoni, inua kidole kidogo. Anaona.

Kahawa ndiyo kitu cha kwanza. Kikombe kikiwa kimefunikwa juu ya kisahani, kukigeuza kinywa juu maana yake unataka. Kwa kawaida ukilipa kimoja unaongezewa bure mpaka uchoke, na ukitosheka weka kiganja juu ya kikombe. Birika lenye mpini au mdomo wa rangi ya chungwa ni kahawa iliyotolewa kafeini. Rangi hiyo ilitokana na Sanka, chapa ya kahawa isiyo na kafeini, na imebaki mpaka leo. Mwenye zamu mbele yake asikubali ya chungwa. Usitegemee kahawa chungu ya kwetu yenye tangawizi. Mwenzangu wa kazini, dada kutoka Bukavu, alionja mara ya kwanza akaweka kikombe chini: "Yaya, hii kahawa iko maji tu!" Ni kweli ni nyepesi, lakini ni ya moto na haiishi.

Chai ni habari nyingine. Ukisema "tea" tu unaweza kuletewa ya barafu. Sema "hot tea". Italetwa maji ya moto na kifuko cha majani pembeni, na ndimu. Ukitaka ya maziwa, omba kikombe cha maziwa yaliyopashwa moto, uchanganye mwenyewe. Nimefanya hivyo miaka yote na hakuna aliyeninunia. Maji ya kunywa yanakuja yamejaa barafu hata theluji ikianguka nje. Sema "no ice".

Kuagiza mayai ndipo wageni wanapokwama, kwa sababu mhudumu anauliza maswali manne mfululizo: mayai vipi, viazi vipi, mkate gani, nyama gani. Mayai macho, yale yasiyogeuzwa, ni "sunny side up". Yakigeuzwa mara moja na kiini kikabaki maji ni "over easy". Kiini kizito kama asali, "over medium". Kiini kilichoiva kabisa, "over hard". Ya kuvuruga ni "scrambled". Sisi tuliolelewa kuambiwa yai liive, "over hard" ndiyo yetu, ingawa "over medium" juu ya viazi ni kitu nilichokuja kukipenda ukubwani. Viazi vilivyoparuzwa vinaitwa "hash browns". Ongeza neno "crispy", la sivyo unaweza kuletewa vimelainika. Mkate utaulizwa mweupe, wa ngano nzima au wa rai ("rye"). Basi jifunze kuyasema yote kwa pumzi moja. Nilimfanya kijana akariri mbele ya dirisha la gari: "Two eggs over hard, hash browns crispy, wheat toast, no meat." Ukisema hivyo mhudumu anaandika mara moja na kuondoka, na hakuna anayejua kwamba umefika juzi. Mahali pa nyama omba nyanya zilizokatwa. Wengi hubadilisha bila malipo.

Kwa tamu, zipo "pancakes", chapati za maji zilizonenepa. Ni tatu, kubwa, na zinamshinda mtu mmoja. Kuna pia "grits", hasa katika daina za Chicago zinazopikia watu ambao wazazi na babu zao walihama kutoka Kusini mwa Marekani. Ni unga wa mahindi uliokobolewa, umepikwa kati ya uji na ugali. Weka siagi na chumvi. Usiku ule niliopata ujumbe kwamba mama amelazwa hospitali ya Bombo, Tanga, sahani ile ndiyo niliyoweza kumeza.

Nguruwe: hapa naomba usome polepole

Muislamu anaweza kula daina vizuri tu, lakini lazima ajue nguruwe anajificha wapi, kwa sababu menyu haitaji kila kitu. Bekoni na hemu unazijua kuwa ni nguruwe. Soseji ya asubuhi, ya duara au ndefu, ichukulie ni ya nguruwe mpaka uambiwe vingine. Kimanda kinachoitwa "Denver" au "Western" kina hemu ndani. "Chicken fried steak" si kuku. Ni nyama ya ng'ombe iliyovingirishwa unga ikakaangwa kama kuku, na mchuzi mweupe unaomwagwa juu yake wakati mwingine umepikwa kwa soseji ya nguruwe. Supu ya njegere zilizopasuliwa kwa kawaida huchemshwa na mfupa wa hemu. Ganda la pai wengine hulikanda kwa mafuta ya nguruwe, uliza.

Halafu kuna bamba lenyewe. Bekoni inakaangwa pale pale yanapokaangwa mayai yako, na wapo wapishi wanaoyatumia mafuta yake kukaangia viazi. Hata bekoni ya bata mzinga inapita chuma kile kile. Dawa yake ni sentensi moja, iseme kabla hujaagiza: "I don't eat pork. Can you cook mine in a clean pan, with oil or butter?" Jikoni huwa wana vikaango vidogo vya mayai, na mpishi akiambiwa mapema haoni taabu. Huna haja ya kueleza dini yako. Viazi ukivitilia shaka, viache, chukua mkate na matunda.

Iliwahi kunitokea, mahali ambapo sipataji, nimeomba bila nguruwe na viazi vikaja na vipande vyekundu ndani. Nilikuwa mgeni wa mwaka mmoja, nikaogopa kusema, nikalipa nikaondoka na njaa. Sifanyi hivyo tena, nawe usifanye. Sogeza sahani mbele kidogo, mwite mhudumu, mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba hukuagiza hivi. Itaondolewa na kupikwa nyingine. Ndiyo kazi yao, na wengi wao wanaona vibaya kweli kweli wakikosea kitu cha imani ya mtu.

Bili

Mkiwa wengi na kila mtu analipa lake, sema mwanzoni. Daina nyingi karatasi ya bili inawekwa mezani imefunikwa, nawe unakwenda kulipa kwenye mashine karibu na mlango. Bei za menyu hazina kodi, na kodi ya chakula cha mkahawani Chicago inazidi asilimia 10. Bakshishi ni juu yake tena, asilimia 18 hadi 20.

Najua jinsi neno hilo linavyomkera mtu aliyezoea bei ni bei. Kijana alinihoji: kwa nini nimlipe mimi, hana mwajiri? Anaye. Ila sheria ya shirikisho inaruhusu mhudumu anayepokea bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho hakijapanda tangu 1991. Illinois wanalipa zaidi ya hapo, na Chicago ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuondoa kidogo kidogo pengo kati ya mshahara huo na kima cha chini cha wafanyakazi wengine, lakini bado mama anayekumiminia kahawa saa tisa usiku anahesabu kodi ya nyumba kwa noti zinazobaki chini ya visahani. Bili ikiwa dola 16, mimi naacha 4, taslimu, chini ya kisahani na si kwenye kadi. Ukinywa kahawa tu ukakalia stuli saa nzima kusubiri treni, acha dola tatu. Usingizi ukikushika usilaze kichwa mezani. Watakuamsha, na wana haki. Chakula kikikushinda sema "a box, please". Hakuna aibu, kila mtu anabeba.

Ukiagiza gari la kukurudisha, lisubirie ndani, umeshavaa koti na glavu, karibu na mlango ili ulione linavyofika.

Mwezi wa Ramadhani

Hili sikulipata kwa mtu, nililigundua mwenyewe. Ramadhani ikiangukia majira ya baridi na wewe uko zamu, daku linakuwa taabu: jiko la kazini limefungwa, nyumbani ni mwendo wa saa nzima. Daina ipo. Wakati huo swala ya alfajiri Chicago inaingia baada ya saa kumi na moja, na saa kumi watu wa baa nyingi wameshapungua. Usichukue vya chumvi nyingi wala soseji hata iwe ya kuku, utakauka koo kabla ya adhuhuri. Mimi naagiza mayai mawili kwenye kikaango kisafi, bakuli la uji wa oti na ndizi, mkate wa ngano nzima, na maji mengi. Kahawa nakunywa kikombe kimoja tu. Mwambie mhudumu una dakika ngapi. Mara ya kwanza nilimwambia yule mama wa zamu, "I have to finish by five," akatazama saa ya ukutani, akaenda kusema jikoni, na sahani yangu ikapita mbele ya nyingine.

Mwaka uliofuata nilirudi usiku wa kwanza wa mfungo, saa kumi kasoro robo, na kijana nyuma yangu anapangusa theluji kwenye viatu. Kabla hatujavua makoti yule mama alikuwa ameshatuwekea glasi nne za maji kaunta, bila barafu.